Korongo Wakitua, Weka Bomba Chini

Tangu nilipokabidhi funguo za stoo ya sumu, vijana wa ofisini hawanipi nafasi. "Mama, andika. Usije ukaondoka na mambo yote kichwani." Nimewaambia kuhusu vyeo sina la kuandika, maana vyeo vyangu vilikuja vyenyewe kama mvi. Lakini mkinigusia korongo, hapo hata chai yangu itapoa kikombeni. Basi leo nimekaa barazani kwangu Kilole, nina daftari na kalamu mbili, na moyo unanienda mbio utafikiri naripoti kazini kesho.

Kwanza niseme kazi yenyewe, kwa kuwa wengi hawaijui. Nilikuwa mtu wa visumbufu vya mazao. Panya, nzige, kwelea kwelea, na zaidi ya wote viwavijeshi, ndio niliopambana nao Handeni na Korogwe maisha yangu yote ya kazi. Viwavijeshi ni watoto wa nondo mdogo wa kahawia, asiye na hata sura ya kukumbukwa. Nondo huja na upepo wa mvua, hutaga, na baada ya siku chache nyasi zote zinatembea. Ukisimama kimya katikati yao unawasikia wanavyotafuna. Shamba la mahindi linaweza kubaki vijiti kati ya Ijumaa na Jumatatu, na mwenye shamba akabaki ameshika kiuno.

Na korongo je? Ninaowasema ni wale wakubwa, weupe, wenye mabawa ya ncha nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Hawazalii hapa. Wanazalia Ulaya, juu ya mapaa ya nyumba za watu, na kuna vijiji huko wanawawekea gurudumu la mkokoteni juu ya nguzo ili wajenge kiota. Baridi ikianza wanashuka kwa makundi kupitia Misri na Sudan mpaka kwetu, wengine wanapitiliza mpaka kusini kabisa. Mwezi wa tatu wanarudi, na hapo ndipo wanapotua kwenye tambarare zetu kula na kunona kwa ajili ya safari. Mimi nimezaliwa Vugiri, kwenye ukingo wa mlima, na sisi watoto wa kule tulikuwa na bahati ambayo sikuitambua mpaka nilipoteremka kufanya kazi. Mtu wa tambarare akiwatazama korongo wanaruka anaona matumbo. Sisi tuliwaona migongo! Jua likishapasha ardhi ya chini, kama saa nne hivi, wanapanda wakizunguka bila kupiga bawa, wanafika usawa wa uso wako, mnatazamana, kisha wanakupita kwenda juu. Mama ananiita nikachote maji, mimi nipo pale mdomo wazi. Nilichapwa sana kwa ajili ya korongo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na Mzee Mhina, Mzigua wa Handeni, mfupi, mkavu, asiyecheka hovyo. Wengine pale ofisini walikuwa wakinong'ona kuhusu mwanamke wa mlimani atakayebeba bomba la kupulizia sumu. Yeye hakunong'ona. Alinipa ovaroli, gambuti zilizonipita saizi mbili, na bomba la mgongoni lililojaa maji matupu, akaniambia niende nalo mpaka barabara kuu na kurudi. Niliporudi mgongo wote ulikuwa umelowa, maana kifuniko kilikuwa kinavuja na sikukikagua. "Sasa umejua, Zubeda," akasema. "Ingekuwa sumu, ungekuwa umeshaioga." Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza na mpaka leo sijabebesha mtu bomba bila kukagua kifuniko kwa kidole changu.

Alinifundisha mengine ambayo hayako kwenye vitabu mlivyosoma. Tundu la bomba likiziba, zibua kwa unyasi, kamwe usipulize kwa mdomo, hata kama aliyekupita kwa umri anafanya hivyo na bado yu hai. Upepo uwe mgongoni. Pulizia asubuhi mapema au alasiri upepo ukitulia, si mchana wa jua kali. Na kabla ya yote, mgeuze kiwavi umtazame. Akiwa mdogo wa kijani, una muda. Akianza kuwa mweusi, yupo kwenye umri wa ulafi. Akishanenepa na kuanza kutafuta ufa wa kuingilia ardhini, weka sumu yako stoo, kwa sababu huyo ameshamaliza kula, unamsindikiza tu. Nimeona watu wakipuliza viwavi wanaokwenda kulala na kujisifu kesho yake kwamba wametoweka.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni mtego wa nondo. Ni kibakuli cha plastiki chenye kidonge ndani kinachotoa harufu ya nondo jike, unakitundika kwenye mti, na madume yanakuja usiku kucha yakidhani yameitwa. Asubuhi unafungua, unahesabu waliodanganyika, unaandika. Kila kata tulikuwa na mkulima mmoja aliyetunza mtego. Hesabu ikipanda ghafla baada ya mvua, tunajua viwavi watafuata. Shida ni kwamba mtego unakuambia nondo wamefika, haukuambii wametaga wapi, na Handeni ni kubwa. Enzi zile hakukuwa na simu mikononi. Mtu alitembea kutwa nzima kuja kutuambia shamba limevamiwa, tukifika tunakuta vijiti.

Hapo ndipo nilipoanzisha ujanja wangu, mwaka wa tatu kazini. Niligundua kwamba korongo wanawaona viwavi kabla yetu. Macho yao wao yanatoka juu, yetu yanatoka kwenye kiti cha pikipiki. Nikaacha kuuliza "viwavi wako wapi", nikawa nauliza wafugaji njiani, "Korongo wametua wapi?" Wananielekeza, nafika na kikosi changu cha mabomba, tunapuliza, kazi imekwisha kabla mwenye shamba hajajua kwamba alikuwa na shida. Misimu miwili nilitia fora. Wakubwa walinipigia makofi kwenye kikao. Wenzangu wakanibandika jina la Zubeda wa Korongo, nami nikalipenda sana.

Naona mnavyotikisa vichwa. Mnauliza, "Hivi hukufikiri kwamba ndege hao wanawala hao hao unaowapulizia?" Nilifikiri, jamani. Nilifikiri wataruka tukifika, na kweli waliruka. Nilichosahau ni kwamba tukiondoka watarudi.

Tulikuwa tunapuliza asubuhi na kukimbilia kijiji kingine, kwa hiyo sikuwahi kurudi nyuma kutazama. Msimu wa tatu Mzee Mhina, aliyekuwa amehamishiwa kituo kingine, alirejea, akasema anataka kukagua kazi ya mwanafunzi wake. Nilimpeleka kwa majigambo mpaka mbuga moja upande wa Mkata tuliyoipuliza jana yake. Kutoka mbali niliona weupe kwenye nyasi nikasema, "Tazama, mzee, wapo!" Tulipokaribia nikaona kwamba hawakuwa wamesimama. Walilala kila mahali, wengine mabawa yamefunguka, na mmoja tu alikuwa bado wima, anatetemeka, anajaribu kupiga bawa na bawa halimtii. Nilimmiminia maji kiganjani. Alinitazama, hakunywa, akakunja magoti.

Nililia palepale, mbele ya kikosi changu. Mzee Mhina alivua kofia, akamwinua mmoja, akampima mkononi. "Amenona," akasema. "Kesho keshokutwa huyu alikuwa anaondoka." Tulichimba shimo, maana ungewaacha pale wangekuja fisi na mbwa wa watu, wangekufa nao. Niliwabeba wawili wawili mpaka mikono ikaisha nguvu. Tuliporudi ofisini nilichukua fomu ya taarifa. Mnaijua fomu ile, ina mstari kule chini ulioandikwa "Madhara mengine". Miaka yote tulikuwa tunajaza neno "Hakuna" bila hata kuusoma. Mzee Mhina aliketi mbele yangu akasema, "Andika." Nikaandika idadi yote. Akasaini chini ya sahihi yangu, wakati hakuhusika kwa lolote.

Nawaomba, vijana wangu, mstari ule muusome.

Kuanzia hapo niligeuza ujanja wangu kichwa chini. Niliendelea kuuliza korongo wametua wapi, lakini sasa ili nijue pa kutopuliza. Kwenye mbuga walipotua, tunawaachia wao kazi. Kwenye mashamba wasipofika, huko ndiko tunakopeleka mabomba. Ukisema hivyo inaonekana rahisi. Kumwambia mkulima mwenye viwavi mlangoni kwamba asubiri ndege ni jambo jingine kabisa. Nimeitwa majina ambayo sitayaandika hapa, na mzee mmoja wa Korogwe alinifukuza shambani kwake na jembe, tena huku akinisalimia kwa heshima zote.

Swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Bibi Shamba, hao ni ndege wa Ulaya, sisi watufae nini?" Nilichelewa kupata jibu, lakini nilipolipata nililitumia mpaka likachakaa. Niliwaambia: Ulaya wanakaa miezi michache ya kuzalia tu, miezi iliyobaki yote wako huku na njiani. Nani ana haki ya kusema ni wa kwake? Mbuga moja hapa kwetu ikiwa na sumu, paa la mtu huko kaskazini linabaki na kiota kitupu, na yule mtu hatajua kamwe kilichotokea. Watu wa mlimani kwetu Vugiri na Mpale walinielewa haraka, wao wanaona makundi yakipita. Wa tambarare walitaka kuona kazi.

Na kazi waliiona. Sasa ndiyo nafika kwenye kisa changu. Ilikuwa msimu wa masika wa mwisho kabla sijastaafu, kijiji kimoja cha Handeni nisichokitaja jina, wenyewe wakisoma watajijua. Alikuwepo mama mmoja, Mwanahamisi, mjane, mkulima hodari wa ekari tatu za mahindi. Mvua za kwanza zilimdanganya. Alipanda, mahindi yakaota, jua likayachoma. Alipanda tena kwa mbegu aliyopewa na kaka yake, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kupakana na shamba lake ni malisho ya Mzee Saning'o, mfugaji wa Kimasai. Kati yao kuna uzio wa miiba na maneno mabaya. Miaka miwili nyuma ng'ombe wa Saning'o waliingia kwenye mahindi ya Mwanahamisi, shauri likafika baraza la kata, na tangu hapo hawakuwa wanasalimiana.

Asubuhi moja simu ikalia. "Takwenya, mama," akasema Saning'o, ndivyo wanavyowaamkia wanawake kwao.

"Iko," nikaitikia.

"Wametua."

"Wangapi?"

"Mama, mimi hata ng'ombe wangu siwahesabu. Njoo uone. Nyasi zimekuwa nyeupe."

Nilikuwa juu ya pikipiki kabla hajakata. Nilipofika nilikuta gari la mabomba limenitangulia, wapulizaji wanne wameshavaa ovaroli, madumu ya maji yameshateremshwa, na nusu ya kijiji imesimama kando ya shamba. Mwanahamisi ndiye aliyeita, na alikuwa na haki. Viwavi walikuwa wameanza kwenye malisho na sasa walikuwa wanakuja kwenye mahindi yake kwa mstari, ungeuona mpaka wao kwenye nyasi, nyuma pamekwanguliwa, mbele kijani. Niliwageuza wachache. Weusi. Umri wa ulafi wenyewe. Na kule mwisho wa malisho, mbali, walikuwepo korongo, hesabu iliniishia kabla wao hawajaisha.

"Shikamoo, Bibi Shamba," akasema Mwanahamisi. "Afadhali umekuja. Waambie waanze."

"Marahaba. Wakianza, Mwanahamisi, korongo wale wote watakufa."

"Na wasipoanza nitakufa mimi na wanangu."

Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nimesimama pale na mshahara wangu wa kila mwezi. Nikamtazama Saning'o, aliyekuwa ameegemea fimbo yake upande wa pili wa uzio, nikamuuliza kwa nini ndege wanang'ang'ania kule mbali wakati viwavi wako huku.

"Kwa sababu yenu," akasema. "Korongo hamwogopi ng'ombe. Anamwogopa mtu. Mkijaa hapa, yeye atabaki kule."

"Tukiondoka watakuja?"

"Watachelewa. Lakini nikipitisha ng'ombe, watawafuata. Ng'ombe akikanyaga, mdudu anatoka, ndege anajua hivyo. Nitawapitisha hapa hapa, polepole, kando ya mahindi."

Mwanahamisi alicheka kicheko kisicho na raha hata kidogo. "Ng'ombe wako? Kando ya mahindi yangu?"

"Wale wale," akasema Saning'o.

Watu waliguna. Mwanahamisi akanigeukia. "Bibi Shamba, niambie ukweli. Ungekuwa wewe ungekubali?"

"Sijui," nikamwambia, na sikumdanganya. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilikwenda kwenye gari, nikachukua bomba moja, nikakagua kifuniko, nikaliweka chini mbele yake. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: mchana huu wa jua kali hakuna kupuliza hata hivyo, sumu itapeperuka. Kwa hiyo nipeni mpaka saa kumi, upepo ukitulia. Saa kumi viwavi wakiwa bado wanaingia kwenye mahindi, nitalivaa bomba hili mimi mwenyewe, nitapuliza kwa mkono wangu, korongo wakiwepo wasiwepo.

Nilijua nimejifunga. Sikuwa nimepuliza mbuga yenye korongo tangu siku ile ya Mkata, na sikujua kama mikono yangu ingekubali.

Mwanahamisi alijifunga kanga upya kiunoni. "Saa kumi," akasema. "Lakini mimi siondoki. Nakaa ndani ya mahindi yangu niwaone hao ng'ombe kwa macho yangu."

"Kaa," akasema Saning'o. "Ila usipunge mkono."

Alifanya kazi kwa akili yule mzee! Kwanza aliwapeleka ng'ombe malisho mengine, wakala, akawanywesha kwenye lambo mpaka matumbo yakawa duara, ili wakifika kwa mahindi wasiwe na njaa. Tena nyasi zilizoliwa na viwavi zinaweza kumdhuru ng'ombe, hilo nalo alilijua kabla sijamwambia. Sisi wengine tulirudi nyuma tukajificha kwenye vichaka, gari nalo tukalirudisha. Kama saa sita ng'ombe wakaja, polepole, wameshiba, hawana haraka na dunia. Mdogo wake alitembea mbele. Saning'o mwenyewe alitembea upande wa mahindi, akipiga mluzi mdogo, na kando yake dume jekundu lenye pembe pana.

Walipita mara ya kwanza. Korongo wakainua shingo, wakatazama, basi. Viwavi waliendelea kuja. Nilisikia mpulizaji mmoja nyuma yangu anasema taratibu, "Saa kumi si mbali."

Walipogeuka na kupita mara ya pili, dume jekundu likaingiza shingo juu ya uzio. Niliona mdomo wake ukigusa jani la hindi. Niliona na kanga ya Mwanahamisi ikiinuka katikati ya mistari, nikasema sasa anapiga kelele, sasa tumekwisha. Saning'o hakumpiga dume. Alimwekea fimbo chini ya taya, akamgeuza kichwa taratibu, mluzi wake haukukatika. Mwanahamisi akachutama tena, mikono yote miwili mdomoni.

Na hapo korongo mmoja akaanza kutembea. Kwa miguu! Alikuja hatua kubwa kubwa, kichwa juu, kama mkaguzi wa shule anayejua amechelewa. Akafika nyuma ya ng'ombe wa mwisho, akainama, akaokota, akameza. Wa pili akaja. Kisha watano. Kisha wale wa mbali wakaona wanapunjwa, wakainuka wote kwa pamoja, wakapita juu ya vichwa vyetu mpaka upepo wa mabawa ukatupiga usoni, wakatua kwenye mstari wa viwavi kuanzia mwisho wa shamba mpaka mwisho. Nyasi zikageuka nyeupe mbele ya macho yangu. Walikula wakipiga midomo ta-ta-ta-ta, ng'ombe wanapita, wao wanapisha na kurudi. Baadhi waliruka uzio wakaingia ndani ya mahindi kuwafuata viwavi waliotangulia. Mwanahamisi alikuwa amechutama pale, na korongo alikuwa anaokota hatua kumi kutoka alipo, naye hakupunga mkono.

Saa kumi nilitoka kichakani na fremu yangu ya waya. Mnaijua, unaiweka chini na kuhesabu viwavi waliomo ndani. Asubuhi nilishindwa kuhesabu. Sasa niliiweka kando ya uzio nikapata watatu. Nikasogea hatua ishirini, nikapata watano. Nikasogea tena, mmoja. Mwanahamisi alikuwa ananifuata nyuma, hapumui. Ndani ya shamba mistari sita ya pembeni ilikuwa imekwanguliwa, na baada ya hapo mahindi yalisimama, ya kijani, yote, mpaka mwisho kule.

Nilipiga vigelegele. Mtu mzima, ofisa wa serikali, mbele ya kikosi changu. Siombi radhi. Mabomba yalirudi garini makavu, na kwenye fomu, mstari wa chini, niliandika "Hakuna" kwa mkono mnyoofu.

Kesho yake nilirudi mapema, sikutaka kukosa. Saa nne ardhi ilipopata moto walianza kupanda, wakizunguka juu ya malisho, wazito, wameshiba, wakielekea kaskazini. Mwanahamisi alikuja akasimama upande wake wa uzio. Saning'o alikuwa upande wake. Walitazama juu kitambo kirefu.

"Lile dume lako jekundu," akasema Mwanahamisi, "halina adabu."

"Najua," akasema Saning'o. "Ndiyo maana nilitembea nalo mimi."

Nilistaafu mwisho wa mwaka ule. Nilikabidhi pikipiki, darubini, fremu ya waya, na daftari la namba za simu za wafugaji, ambalo nililisisitizia kuliko vyote. Elibariki aliyechukua nafasi yangu ni kijana mwepesi, msomi, ana haraka, na nilimwelezea kisa hiki mara mbili. Alinisikiliza kwa heshima, kama mnavyowasikiliza watu wanaoondoka.

Sasa mwezi wa tatu huu tulionao, juzi tu, nilikuwa napepeta mchele, simu ikalia. Ni yeye, na sauti yake ilikuwa juu.

"Shikamoo, mama. Samahani kukusumbua. Niko na gari la sumu huku Handeni, tumekwama."

"Marahaba. Mmeharibikiwa?"

"Hapana, gari ni zima. Kuna mama amekalia dumu la sumu katikati ya njia. Mwanahamisi, anasema unamfahamu. Anasema korongo wametua, na yeye hanyanyuki mpaka saa kumi. Mama, shamba lenyewe ni la kwake! Viwavi wako hatua mia kutoka kwenye mahindi yake, namwonyesha, anasema ameshawaona!"

Niliweka ungo chini. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Yupo peke yake?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Yupo mzee mmoja wa Kimasai. Amemshikia mwavuli."

"Basi zima gari, mwanangu," nikamwambia. "Shuka uwaamkie."